Kielelezo Kikishapokelewa

Hakimu akitamka kwamba kielelezo kimepokelewa na kitaitwa P1, chumba kizima hurudisha macho kwa shahidi. Wakili wa Serikali anatafuta swali lifuatalo, mshtakiwa anainama, na wasikilizaji kwenye mabenchi wanangoja kusikia kitakachosemwa. Kitu chenyewe, kiwe panga, simu au mfuko wa salfeti uliofungwa kamba, kimeshatoka kwenye mawazo ya watu. Kimebaki juu ya meza ya karani. Tangu hapo mpelelezi haulizwi tena juu yake, wala mwendesha mashtaka. Atakayeulizwa ni Mahakama, na kwa kazi za kila siku Mahakama hapo ni mtu mmoja mwenye daftari, kalamu na ufunguo wa kabati.

Nchini mwetu Tanzania tumezoea kujadili ushahidi kana kwamba safari yake inaishia siku unapopokelewa. Mawakili humhoji askari kwa saa nzima: nani alikupa, ulimkabidhi nani, ulikiweka wapi usiku ule. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini kesi iliyoanza mwaka huu inaweza kufika Mahakama ya Rufani baada ya miaka kadhaa, na muda mwingi wa miaka hiyo kielelezo hakipo polisi. Kipo mahakamani. Naamini sehemu hii ya pili ya safari ndiyo tunayoiangalia kidogo kuliko zote, na ndiyo inayomwelemea mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye hukumu.

Kulieleza hilo nimeuchagua mkoa wa Njombe, na ndani yake Makambako, kwa sababu hapo vitu vinapita. Makambako ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapokutana na barabara inayoshuka Njombe hadi Songea, na ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, inapopishana na barabara hiyo. Malori yanalala hapo. Mabasi ya Songea yanasimama hapo abiria wale na kunyoosha miguu. Viazi vya Njombe, mbao za misonobari, mahindi, chai na siku hizi parachichi, vyote vinapita mjini humo vikielekea sokoni. Mahali penye mizigo mingi namna hiyo pana pia mizigo isiyo halali, wizi wa mali za abiria, pikipiki zinazobadilishwa namba, simu zinazouzwa stendi bila risiti, na wakati mwingine nyara za serikali au bhangi iliyofichwa chini ya magunia. Mkoa wenyewe ni kijana. Ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Makambako ni mojawapo ya halmashauri zake za mji.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Basi linasimamishwa Makambako usiku, na chini ya kiti kunakutwa begi lenye majani makavu yanayodhaniwa kuwa bhangi. Askari anajaza hati ya ukamataji mali mbele ya mwenye begi na shahidi huru, kila mmoja anasaini. Kituoni begi linabandikwa lebo, ile ambayo polisi huiita PF 145, na linaingizwa kwenye rejista ya vielelezo, PF 16. Linafungwa kwa lakiri. Sampuli inapelekwa Mbeya, kwenye ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nako inafunguliwa, inapimwa, inafungwa tena na kurudi na taarifa. Halafu inakaa stoo ya polisi ikisubiri tarehe ya kesi. Tayari mikono mitano au sita imeligusa begi hilo kabla karani hajaliona.

Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, ikikaa Dodoma, iliamua Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007, ambayo wanasheria wote nchini huiita kwa kifupi Paulo Maduka. Humo majaji walieleza kwamba pawepo kumbukumbu za maandishi, zilizopangwa kwa mfuatano wa wakati, zinazoonyesha kitu kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kilivyochunguzwa na kilivyoishia. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote: asije mtu akapachikiwa kitu ambacho si chake. Baadaye Mahakama hiyohiyo ililegeza kamba kidogo. Katika Rufaa ya Jinai Namba 485 ya 2015 ilisema si kila pengo kwenye mnyororo linakifukuza kielelezo mahakamani. Kama kitu hakiharibiki upesi wala hakichezewi kirahisi, kinaweza kupokelewa. Jino la tembo halifanani na kete ya unga. Jino ni kubwa na lina alama zake, wakati kete inabadilishwa na nyingine bila jicho kuona tofauti.

Ningependa kila karani wa masjala aijue tofauti hiyo moyoni, kwa sababu ndiyo inayomwambia pa kuweka nguvu zake. Chumba cha vielelezo chenye panga, baiskeli, bahasha ya noti na pakiti ya dawa za kulevya hakina vitu vinne vyenye hatari sawa. Panga lenye mpini uliovunjika na kufungwa waya litatambulika hata baada ya miaka kumi. Noti hazina sura. Unga hauna sura.

Nyanda hizihizi za juu kusini zina mfano mkubwa wa kitu kilichotunzwa bila maandishi. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lake likachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaiagiza Ujerumani ilirudishe. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa Gavana Edward Twining kwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu kama 2,000. Hapakuwa na lebo ya kumwambia ni lipi. Ikabidi vichwa vipimwe na kulinganishwa na vipimo vya ndugu wa ukoo walio hai, na hatimaye likachaguliwa lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, karibu na Iringa, linakotunzwa hadi leo. Heshima ya ukoo mzima na ya taifa zima ilibidi itegemee kipimo cha kichwa, kwa sababu aliyelipokea fuvu hilo mara ya kwanza hakuliandikia kumbukumbu inayoweza kufuatwa. Simjui karani yeyote ambaye akiisikia habari hii kwa ukamilifu wake ataona lebo kuwa kazi ndogo.

Turudi kwenye meza ya karani. Hatari ya kwanza huja kabla kielelezo hakijapokelewa. Asubuhi kesi zikiwa nyingi, askari au mwendesha mashtaka anapita masjala na kusema, "Shikamoo mama, naomba niuache mzigo huu hapa, kesi yetu ni ya saa nne, narudi sasa hivi." Ni ombi la kiungwana na mama karani anaona haya kukataa. Lakini wakati huo kitu bado ni cha upande unaokileta. Mahakama haijakipokea, haijasikia pingamizi, haijakipa alama. Kikiguswa katika saa hizo, hakuna maandishi yatakayosema kilikuwa mikononi mwa nani: rejista ya polisi inaonyesha kimetoka, rejista ya Mahakama haionyeshi kimeingia. Wakili wa utetezi aliye makini ataliona pengo hilo, na ana haki ya kulitumia. Jibu sahihi la karani ni fupi: "Kaa nao, mwanangu, mpaka hakimu aupokee."

Ndani ya chumba cha Mahakama mambo yana mpangilio wake. Shahidi anakitambua kitu kwa alama zake, anaomba kipokelewe, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, hakimu anaamua. Kikikataliwa kinarudi kwa aliyekileta, na karani hana sababu ya kubaki nacho. Kikipokelewa kwa utambuzi tu, kinapewa alama ya ID na bado si ushahidi. Hapa makosa ni rahisi kutokea, maana kwenye kabati ID1 na P1 vinaweza kuwa bahasha mbili zinazofanana kabisa. Nyaraka zina sharti la ziada. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba waraka hausomwi kabla ya kupokelewa, na ukishapokelewa sharti usomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Usiposomwa unaondolewa kwenye kumbukumbu, na kesi nyingi zimedondoka kwa sababu hiyo moja.

Kwenye madai, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka kila waraka uliopokelewa uandikwe juu yake namba na majina ya shauri, jina la aliyeuleta, tarehe, na maneno kwamba umepokelewa, kisha hakimu au jaji aweke saini. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika Rufaa ya Madai Namba 67 ya 2015, kwamba waraka usioandikwa hivyo hauhesabiki kuwa sehemu ya kumbukumbu za shauri. Saini ni ya hakimu, hilo halina ubishi. Lakini anayeishika karatasi baada ya hakimu kuinuka, anayeweza kugundua kwamba mhuri umepigwa na saini haipo, ni karani. Karani akiliona siku hiyohiyo, hakimu anasahihisha siku hiyohiyo. Likigunduliwa na majaji watatu baada ya miaka minne, mjane aliyeshinda kesi ya nyumba ya marehemu mumewe anaanza upya.

Sasa daftari. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo unafaa neno kwa neno. Mwaka 2020 Mahakama ya Tanzania ilitoa mwongozo wake wa usimamizi wa vielelezo, na mashauri yanazidi kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Nafurahia yote mawili. Hata hivyo ubora wa kumbukumbu, iwe ya kalamu au ya kompyuta, unategemea sentensi anayoiandika karani kwenye safu ya maelezo. "Simu moja nyeusi" haitambulishi simu yoyote. Simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ina kioo kilichopasuka kona ya kulia, ina laini au haina. Pikipiki ina namba ya injini na namba ya chesesi, na ni hizo zinazohitajika, kwa sababu kibao cha usajili kinang'olewa kwa bisibisi. Noti zihesabiwe mbele ya watu wawili na namba zake ziandikwe, maana shilingi 300,000 zilizopokelewa leo zikirudishwa kwa noti nyingine mwakani, kiasi ni kilekile lakini kielelezo si kile. Nguo iandikwe rangi, saizi, mahali palipochanika na palipo na doa. Na karani asiandike anachodhani. Akiandika "damu" wakati hakuna mkemia aliyesema ni damu, ameshajiingiza kwenye ushahidi. Aandike doa la rangi ya kahawia.

Safu ambayo naiona ikidharauliwa zaidi ni ile ya hali ya kitu. Bhangi mbichi hukauka, na ikikauka uzito hupungua. Begi lililoandikwa kilo fulani kwenye hati ya ukamataji linaweza kusoma pungufu likipimwa tena baada ya miezi, bila mtu kuiba hata jani moja. Karani asiyejua hilo hushikwa na hofu, na mwenye hofu hushawishika kurekebisha namba. Asiguse namba ya zamani kamwe. Aandike alichokiona leo, aweke tarehe na saini yake, na mkemia aitwe kueleza. Tofauti iliyoandikwa waziwazi inaelezeka. Iliyofutwa kwa wino mweupe inamfanya kila mtu ndani ya jengo aonekane mwizi.

Kuhusu dawa za kulevya, wasiwasi wa umma ni mkubwa kuliko kwenye kitu kingine chochote, na majirani zetu wamelipitia hilo kwa ukubwa wa kutisha. Desemba 2004 polisi wa Kenya walikamata zaidi ya tani moja ya kokeini Malindi na Nairobi. Ilipofika wakati wa kuiteketeza mwaka 2006, uvumi ulikuwa umeenea kwamba huenda kilichobaki ghalani si kokeini tena, na ikabidi ipimwe upya mbele ya waangalizi wa kimataifa kabla ya kuchomwa. Serikali nzima ililazimika kuthibitisha kwamba ilichokuwa inakilinda ndicho ilichokikamata. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inatoa njia ya kupunguza mzigo huo: Mahakama inaweza kuamuru dawa ziteketezwe hata kabla kesi haijaisha, baada ya sampuli kuchukuliwa na kumbukumbu kuwekwa. Ningeshauri njia hiyo itumike mara nyingi iwezekanavyo. Kabati la mahakama ya wilaya halikujengwa kulinda kitu chenye bei ya dawa za kulevya, na mshahara wa karani haukupangwa kumtia jaribu la namna hiyo kila jioni.

Njombe ina adui mwingine asiyetajwa kwenye sheria yoyote. Mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi inauma hadi mifupani, ukungu unakaa hadi saa tatu asubuhi, na kwenye masika unyevu hauondoki ukutani. Karatasi hujikunja, wino wa mhuri husambaa, gundi ya bahasha hulegea yenyewe. Bahasha iliyojifungua kwa unyevu na bahasha iliyofunguliwa na mtu zinafanana mno. Kwa hiyo kilichofungwa kwa gundi kifungwe pia kwa uzi na lakiri, na saini ipite juu ya mshono.

Nguo yenye doa ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu huota ukungu, na vinasaba vilivyotegemewa kumtambulisha muuaji au mbakaji huharibika. Inapaswa kukauka kwanza kivulini, kisha ifungwe kwa karatasi ngumu, ya khaki. Ni jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa. Ninalisema kwa uzito kwa sababu wanaoumia zaidi nguo ikioza ni watoto na wanawake waliobakwa, ambao mara nyingi hawana shahidi mwingine zaidi ya kitambaa hicho na maneno yao wenyewe. Panya na mchwa nao wapo. Rafu ya chuma iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta inamaliza nusu ya tatizo.

Silaha za moto zisilale mahakamani. Zikishaonyeshwa na kupokelewa, zirudi ghala la silaha la polisi kwa amri ya hakimu, zikiwa zimehakikiwa kwamba hazina risasi, na aliyezichukua asaini. Hivyohivyo kwa gari, pikipiki na shehena ya mbao, ambazo hazina pa kukaa kwenye jengo la Mahakama. Zinabaki uani kituoni, lakini kwa daftari ni mali ya Mahakama, na karani anapaswa kujua zilipo kama anavyojua zilizo kabatini mwake. Simu na kompyuta zina masharti yake. Karani asiwashe simu kuona kama inafanya kazi. Kuwasha peke yake kunabadilisha kumbukumbu zilizomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka Mahakama iangalie jinsi taarifa zilivyotunzwa kabla ya kuamua uzito wa kuzipa.

Vitu vinavyooza vinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa maana huu ni mkoa wa chakula. Magunia ya viazi yaliyoibwa shambani, maziwa, nyama, parachichi zilizokamatwa kwenye fuso: hakuna kati ya hivyo kitakachofika siku ya hukumu. Utaratibu upo kwenye Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, namba 229. Kitu kinapelekwa kwa hakimu, kinahesabiwa na kuorodheshwa, kinapigwa picha ikiwezekana, na hakimu anatoa amri kiuzwe au kiharibiwe. Baadaye orodha hiyo inasimama badala ya kitu chenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara, katika Rufaa ya Jinai Namba 385 ya 2017 iliyohusu nyara za serikali, ilitilia mkazo sharti linalosahaulika kila siku: mshtakiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla amri haijatolewa. Orodha iliyotengenezwa bila yeye ikakosa nguvu dhidi yake.

Fikiria karani wa Makambako siku ya Ijumaa alasiri, gari la viazi liko nje, mvua inanyesha, askari wana haraka na mshtakiwa yuko mahabusu Njombe, kilomita kama 60. Kila mtu anataka fomu isainiwe. Anayeweza kuuliza "mshtakiwa yuko wapi?" kabla fomu haijafika kwa hakimu ni huyo karani. Swali hilo linaudhi watu. Linaokoa kesi.

Mahakama ya Mwanzo ina sura yake tofauti. Huko mlalamikaji mara nyingi huja na ushahidi wake mwenyewe, mkononi au begani: jembe, kuku aliyeibwa akapatikana, karatasi ya mauziano iliyokunjwa mara nane na kutunzwa ndani ya kanga, wosia wa baba kwenye shauri la mirathi. Karatasi hiyo huenda ndiyo pekee iliyopo duniani. Mwenyewe hana nakala, na mashine ya kudurufu ilikuwa mbali au aliogopa kuitoa mkononi. Ningetaka karani ampe mtu huyo nakala yenye mhuri na amwonyeshe mstari kwenye daftari ulioandikwa jina lake. Mzee aliyesafiri tangu alfajiri kutoka kijijini asirudi nyumbani akihisi ameiacha nyumba yake kwa mtu asiyemjua.

Kisha kuna kungoja. Sheria inatoa muda wa rufaa: kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30, kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu katika jinai, taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Kurudisha au kuharibu kielelezo kabla ya muda huo kwisha ni kuwafunga mikono majaji. Kwa miaka mingi rufaa za Njombe zimekuwa zikisikilizwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Iringa, kwa hiyo jalada na nyaraka zake hupanda gari, hupita Makambako na kwenda mbali. Kila safari iwe na orodha mbili: moja iende na mzigo, nyingine ibaki, na ile iliyokwenda irudi na saini ya aliyepokea. Jalada likifika Iringa likiwa na P1 na P3 tu, bila orodha hakuna atakayejua P2 ilibaki kabatini Njombe, iliachwa kwenye gari, au haikuwahi kurudishwa ndani ya bahasha siku wakili alipoomba kuikagua.

Wanaoumizwa na kungoja huko ni wenye mali. Kijana wa bodaboda aliyeibiwa pikipiki hufurahi inapopatikana, halafu anaikuta uani kituoni miezi kwa miezi ikinyeshewa, tairi zimelala, betri haipo. Alitendewa ubaya na mwizi, na sasa utaratibu wa kumtetea unamalizia kilichobaki. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, ikishapigwa picha na kuandikwa vizuri, kwa sharti kwamba ailete ikihitajika. Mahakimu wanaoitumia nafasi hiyo wanafanya jambo la utu, na hawawezi kuitumia kama karani hakuwatengenezea maelezo kamili ya kitu. Namba ya injini iliyoandikwa vizuri siku ya kwanza ndiyo inayomrudisha kijana barabarani.

Kuhusu rushwa sitazunguka. Ushahidi ni kitu chenye mnunuzi. Kuna ndugu wa mshtakiwa atakayekuja na salamu nzuri na bahasha, akiomba kitu kidogo tu: karatasi moja ikae chini ya nyingine kwa muda. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayeharibu au kuficha kwa makusudi kitu akijua kitahitajika kwenye ushahidi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamfikia mtoaji na mpokeaji. Adhabu hizo ni lazima ziwepo, ila karani anayeachiwa ufunguo peke yake, bila mwenzake, bila ukaguzi, amewekwa mahali pabaya hata akiwa mwaminifu kuliko wote, kwa sababu kitu kikipotea hana namna ya kuonyesha kwamba si yeye. Funguo mbili kwa watu wawili, daftari la kila anayeingia chumbani, na hakimu mfawidhi anayekuja kuhesabu bila taarifa: hayo yanamlinda karani kabla hayajailinda Mahakama.

Limebaki jambo la uhamisho, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko wizi. Watumishi wa umma huhamishwa. Karani aliyekaa Njombe miaka sita anajua kwa kichwa kwamba boksi la nne ni la mauaji ya mwaka fulani, na kwamba ile baiskeli haina lebo lakini ni ya kesi ya Wanging'ombe. Barua inafika, gari la kuhamia limeshapatikana, anamkabidhi mgeni funguo, wanashikana mikono. Ujuzi wote umepanda gari pamoja naye. Makabidhiano ya chumba cha vielelezo yanahitaji siku zake zenyewe, kabla ya barua ya kuripoti kituo kipya kuanza kuhesabiwa: anayeondoka na anayeingia wakae na daftari, wapitie mstari mmoja mmoja mbele ya hakimu mfawidhi, kila kitu kishikwe kwa mkono na kulinganishwa na maelezo yake, na wasaini wote watatu. Kisichoonekana kiandikwe siku hiyo kwamba hakionekani, kwa namba yake na namba ya kesi yake, na kesi yenyewe itajwe kama imeshakatiwa rufaa au bado.